Kugombea Mkia

Watu wa kawaida wakishindana kwa baiskeli hugombea kufika wa kwanza. Sisi wa mji wa Harker si watu wa kawaida. Kwetu wa kwanza hupigiwa makofi, hupewa kipande cha pai ya tufaa, na husahaulika kabla hajamaliza kutafuna. Mwenye heshima ni anayeshika mkia, kwa sababu yeye ndiye anayechora njia ya mwaka unaofuata.

Mambo haya yalianza mwaka ule wa kwanza kabisa wa mashindano. Mfugaji mmoja mzee alifika wa mwisho, akajibwaga kwenye ngazi za duka la mikate la Rufino Arriola, akaanza kuitukana njia. Aliitukana kokoto kwa kokoto. Alitukana vilima, upepo, vumbi, na mama wa aliyeipanga. Aliyeipanga ni Rufino mwenyewe, na mama yake alikuwa amesimama palepale na sinia la mikate. Rufino akachoka, akamtupia ramani na kalamu. "Basi chora wewe!" Mzee akachora, na ikawa njia tamu kuliko zote tulizowahi kupita. Tangu hapo ikawa desturi: aliyeteseka muda mrefu kuliko wote ndiye mwenye neno.

Ila msidhani mkia unapatikana kwa uvivu. Nyuma yetu sote hufuata Gari la Fagio, pikapu ya Rufino iliyofungwa fagio la kweli mbele ya boneti. Gari hilo halikimbii wala halisimami. Linajikokota tu kutwa nzima. Likikupita, umefagiwa: unapakiwa nyuma, wewe na baiskeli yako na aibu yako, na mkia anapewa aliyekuwa mbele yako. Tena huruhusiwi kuweka mguu chini bila sababu. Sababu zinazokubalika ni pancha, cheni kutoka, kunywa maji, haja ndogo, mnyama barabarani, na kumsaidia mwenzako. Kuchoka si sababu. Kuchoka ndiyo shughuli yenyewe.

Mimi naitwa Lonnie Tackett. Nilimaliza sekondari mwaka juzi, nauza misumari na chakula cha farasi kwenye duka la vifaa vya shamba, na mwaka huu niliutaka mkia kuliko nilivyowahi kukitaka cheti. Kisa ni babu yangu, Orrin.

Babu aliendesha greda la wilaya tangu ujana mpaka alipostaafu. Barabara zote nyekundu za upande wetu, zile zilizomwagiwa kokoto za volkano, amezisawazisha yeye. Mwaka jana akafanyiwa upasuaji wa nyonga, wakamnyang'anya na leseni, na sasa anashinda barazani kwake huko Barabara ya Birika, akitazama njia asiyopita mtu ila ng'ombe na gari la posta. Na babu ni mtu wa kutania watu. Ukoo wetu wote tuko hivyo, lakini yeye ndiye chuo kikuu. Mtu wa aina hiyo ukimweka mahali pasipo na wa kumtania, ananyauka.

"Lonnie," aliniambia siku moja theluji ilipokuwa inaisha, "nasikia siku hizi watu wazima wanavaa kaptura za kubana wanapanda kilima cha Birika kwa baiskeli. Kwa hiari yao. Hakuna anayewafukuza."

"Ni kweli, babu. Na mimi nimo."

"Wewe najua umo. Wewe nimeshakucheka. Nataka wengine."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi bila ruhusa ya kichwa. "Mwakani watapita hapahapa, babu. Mbele ya kiti chako. Mwaka huu nachukua mkia, halafu nachora mimi."

Nilidhani atacheka, yaishe. Kumbe nilipogeuka tu akashika simu. Kabla ya Jumapili, kila mzee wa meza yake ya karata aliyewahi kushika usukani wa greda, lori au trekta alikuwa ameshaalikwa kuja mwakani kucheka watu. Jirani yake fundi seremala akaanza kuwatengenezea benchi refu. Benchi lilipigwa vanishi kabla mimi sijajaza hata upepo kwenye matairi. Sasa fikiria niende kumwambia babu, "Samahani, rudisha wageni."

Kikwazo kilikuwa kimoja, nacho kina miguu: Mwalimu Skaar.

Mwalimu Skaar alinifundisha aljebra. Amestaafu, mvi zake amezinyoa fupi kama nyasi za uwanja wa mpira, na ndama za miguu yake unaweza kuning'inizia koti. Ameshika mkia miaka miwili mfululizo, na njia zake zote mbili zilipita juu ya kila kilima cha volkano chenye upande wa kupandika, na vichache visivyo nao. Zamani alikuwa anatesa darasa moja. Sasa anatesa wilaya.

Asubuhi ya mashindano Rufino alipiga kelele kwenye kipaza sauti, na kundi lote likaondoka ndani ya wingu la vumbi jekundu. Vumbi lilipotua, tulikuwa tumebaki wawili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tackett. Mbona huendi?"

"Nakupisha. Adabu ulinifundisha mwenyewe."

"Mimi nilikufundisha aljebra. Adabu ilikushinda. Na aljebra pia, nikikumbuka vizuri."

Rufino akapiga honi nyuma yetu. "Jamani, yameanza! Au mnasubiri kadi ya mwaliko?"

Tukaondoka, kwa mwendo ambao kuku angetupita, kisha arudi kutuuliza kama tuna shida.

Tulipoingia kwenye mwinuko wa kwanza tukakuta tatizo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Mbele yetu alikuwepo daktari wa meno kutoka Portland, mtu mnene mwenye tabasamu, ana baiskeli mpya inayong'aa mpaka inauma macho. Sisi tulikuwa tunachelewa kwa ujanja. Yeye alikuwa anachelewa kwa haki kabisa.

"Karibuni!" akatuita, anahema. "Nimeambiwa wa mwisho anachora njia? Nikichora mimi, itakuwa lami tupu! Tunafuata mto, tunakula aiskrimu, tunarudi."

Mimi na Mwalimu tukatazamana. Kuna mambo yanayounganisha maadui.

"Daktari," Mwalimu akasema kwa ile sauti yake ya kutangaza matokeo, "juu pale wanagawa kahawa. Wanaowahi tu."

"Na keki," nikaongeza.

"Za mdalasini," akamalizia Mwalimu.

Daktari akainuka kwenye kiti, akakanyaga pedali kama anayefukuzwa na mbwa, akapotea nyuma ya kona. Hatukumwona tena mpaka jioni. Nasikia kahawa ilikuwepo kweli, kwa hiyo dhambi yetu ni ya keki tu.

Sasa uwanja ukawa wetu wawili. Nikafungua mchezo mimi.

"Pancha!" nikaita, nikashuka. Pancha yenyewe ilikuwa kidole changu: nilikibonyeza kwenye valvu, upepo ukatoka fyuuu, nikachomoa pampu, nikaanza kuurudisha polepole, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto.

Mwalimu naye akasimama, akagusa pampu yangu kwa ncha ya kidole kimoja. "Namsaidia mwenzangu," akamtangazia Rufino, aliyekuwa anatukaribia na fagio lake.

Tulipoendelea, cheni yake ikatoka. Ilitoka wakati anaitazama, na nadhani kwa sababu anaitazama. Nikashuka kumsaidia. Nilimuuliza jina la kila pini. Tukanywa maji. Tukanywa tena. Kisha ikaja haja ndogo, kila mtu kichaka chake, na huko kichakani kila mmoja alikuwa anamsikiliza mwenzake atoke kwanza.

Halafu ng'ombe. Alikuwa amesimama pembeni mwa barabara, anacheua, hana habari na dunia. Mwalimu akakamata breki.

"Mnyama barabarani."

"Mwalimu, huyo yuko kwenye majani."

"Anafikiria kuvuka."

"Ng'ombe huyo hafikirii kitu."

"Nilikuwa nasema hivyo hivyo juu yako, ukaja kunishangaza kwa kupata alama hamsini."

Ng'ombe akalala chini. Mwalimu akaweka mikono kiunoni, mvumilivu kama anayesubiri treni. Kipaza sauti kikalia nyuma yetu: "Huyo ni wa binamu yangu! Hajawahi kuvuka barabara tangu azaliwe! Endeleeni au nawafagia!"

Tukaendelea. Nikapata pancha yangu ya pili, ya kidole vilevile, na Mwalimu akaninyooshea pampu bila kuulizwa. "Tairi lako lina mkosi, Tackett."

"Ni mkosi wa ukoo, Mwalimu."

Basi tukapanda Kofia, kilima kikubwa cha njia ya mwaka huu. Kokoto nyekundu zilikuwa zinakwaruza chini ya matairi, na kila tulipopinda kona vilima vingine vya mviringo vikaibuka nyuma ya vile vya kwanza, vimekaa tu na mashimo yao utosini. Juu kabisa njia inageuka pumisi, yale mawe mepesi yaliyosagika, na ukiingia na matairi magumu unazama kama kwenye sukari. Sote tulipunguza upepo kidogo, bila ujanja safari hii. Hewa ya huko juu ilikuwa inanukia miti ya mijunipa. Mwalimu alikuwa mbele yangu, anapumua kwa mpangilio kama mashine ya kushonea, na mimi nikiwa nyuma nilikuwa najiambia: vizuri, vizuri, abaki hapohapo.

Kisha tukafika mteremko.

Nisikilizeni. Kofia huwezi kuiteremka polepole. Pengine inawezekana, kama inavyowezekana kula pai kwa kijiko cha dawa, lakini mtu mwenye akili hafanyi. Barabara inashuka inazunguka kilima kama ganda la chungwa linalomenywa. Magurudumu yakaanza kuimba, usukani wangu uliojikunja kama pembe za kondoo dume ukawa unatetema mpaka meno, na nikasahau mkia, nikasahau babu, nikasahau benchi na vanishi yake. Nilimpita Mwalimu kwenye kona ya kwanza. Akanipita kwenye ya pili, amelala juu ya baiskeli, anapiga kelele kama msichana wa shule kwenye bembea. Nikampita tena. Tulifika chini tumejaa vumbi mpaka kwenye kope, tunacheka hatuwezi kusema.

Ndipo tukakumbuka. Gari la Fagio lilikuwa halionekani hata kwa darubini.

"Tumefanya nini?" nikasema.

"Ujinga," akajibu Mwalimu, bado anacheka. "Sasa tuna muda mwingi wa kuupoteza. Una mpango?"

Mpango sikuwa nao, lakini nilipata. Kwenye tambarare ile inayopakana na mawe meusi ya lava, ambako hata kivuli hakioti, nilisikia sauti ndogo nyuma yangu. Tss, tss, tss, kila gurudumu lilipozunguka. Kisha rimu ikagonga jiwe.

"Pancha!" nikaita.

"Naam," akasema Mwalimu, akateremka, akachagua jiwe la lava lililolainika kidogo, akaketi, akatoa mkate wake wa jibini. "Namsaidia mwenzangu."

"Basi nisaidie!"

"Nakusaidia kimawazo."

"Mwalimu, hii ni ya kweli."

"Na zile mbili?"

Nikachomoa pampu. Mtu anayedanganya pancha hana pa kushika siku pancha inapomjia.

Nikapampu. Upepo uliingia huku, ukatokea kule. Matairi yetu haya hayana tyubu. Ndani tunaweka majimaji meupe tunayoyaita maziwa, yaende yenyewe kuziba tundu. Nikalitikisa gurudumu nisikie maziwa yakicheza. Nilichosikia ni kitu kama maharage makavu ndani ya kopo. Yalikuwa yameganda yote. Hewa ya kwetu inakausha kila kitu, na maziwa yanatakiwa kuongezwa kila baada ya wiki kadhaa, jambo ambalo kila mtu Harker analijua, na kila mtu Harker hulikumbuka akiwa porini.

Nikapampu tena. Nikatoa jasho. Mwalimu akageuza mkate, akaanzia upande wa pili.

"Unaigiza vizuri," akasema. "Hata jasho umelipata."

"Mwalimu, naapa kwa nyonga ya babu."

"Kula kiapo kwa kitu chako mwenyewe."

Tukakaa hivyo. Yeye anangoja nichoke kudanganya. Mimi nangoja aanze kuniamini. Mbali kule chini ya Kofia, kivumbi kidogo chekundu kikainuka, kikawa kikubwa, kikapata umbo la pikapu, na pikapu ikapata fagio. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye soksi. Nikaliona benchi. Niliwaona wazee wote wamekaa, kofia kichwani, wanatazama barabara tupu, na babu katikati yao akisema, "Mjukuu wangu alisema watapita."

Sijui uso wangu ulikuwaje, ila Mwalimu aliacha kutafuna.

"Tackett, sura hiyo niliiona mara ya mwisho siku ya mtihani wa mwisho." Akainuka, akainama, akaweka sikio kwenye tairi. Akapapasa. Akachomoa kitu kwa kucha, akakiinua juani. Mbigili, mdogo, wenye pembe zake mbili, kama shetani aliyekaushwa. "Maziwa uliweka lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana! Hayo si maziwa tena, hayo ni jibini!" Alikuwa ameshafungua kifuko chake. Akatoa kachupa ka maziwa na zile kamba za mpira wenye gundi, akasukuma moja kwenye tundu kwa bisibisi kama anayemchoma mtu sindano. "Pampu! Usinitazame mimi, pampu!"

"Mwalimu, kwa nini unanisaidia? Ukiniacha nafagiwa, na mkia ni wako."

"Ukifagiwa hapa, atakayekuwa amekushinda ni mbigili. Mimi nataka kukushinda mwenyewe. Panda!"

Tuliondoka fagio likiwa linakaribia kututekenya. Sasa ikawa zamu ya kukimbia kweli. Tulishika zamu mbele kukata upepo, na pengo likaanza kuonekana. Njia ilipolala vizuri, Mwalimu akaja ubavuni kwangu.

"Haya sema. Mtu hawi mweupe vile kwa sababu ya mchezo. Mkia wa nini?"

Nikamwambia. Nyonga, leseni, baraza, benchi, wazee wa karata. Nilimwambia vizuri, kwa upole, kwa kuwa nilidhani ana moyo.

"Orrin?" akafoka, baiskeli ikayumba. "Orrin wa greda? Yule aliyekuwa ananigongea sanduku la barua kila akipita, halafu ananipungia mkono?"

"Yeye anasema lilikuwa karibu mno na barabara."

"Lilikuwa ndani ya ua wangu! Sasa unataka mimi nipite mbele ya mzee yule, nimevaa kaptura ya kubana, ulimi nje, yeye amekaa kitini ananicheka?"

"Si wewe peke yako, Mwalimu. Ni wote."

"Sahau, Tackett. Mwakani tunapanda Birika kwa upande wa kaskazini, mbali na baraza la mtu yeyote."

Hivyo ndivyo tulivyoingia mjini: hatusemeshani, bega kwa bega. Mstari wa mwisho ulikuwa umechorwa kwa unga mbele ya duka la Rufino. Watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili na vipande vya pai. Daktari wa meno alikuwepo, amevaa medali yake, akatuangalia sisi, akaangalia fagio nyuma yetu, na nikaona tumaini likimchipua usoni. Maana tukifagiwa wote wawili, mkia ni wake, na mwakani ni lami na aiskrimu.

Urefu wa baiskeli tatu kutoka kwenye unga, Mwalimu akasimama. Hakuweka mguu chini. Alisimama juu ya pedali, gurudumu la mbele kalipinda, mwili kaukaza. Nami nikasimama vilevile kando yake. Nani atatangulia? Anayetangulia amepoteza. Anayegusa ardhi amejitoa. Na nyuma, Gari la Fagio linakuja, halikimbii, halisimami.

"Sogea mbele, Tackett."

"Wakubwa kwanza, Mwalimu."

"Fagio hilo!"

"Naliona."

Mapaja yangu yalikuwa yanatetemeka kama kiyoyozi kibovu. Baiskeli ikayumba kushoto, nikairudisha. Ikayumba kulia, nikairudisha. Kisha nikasikia chini yangu: tss, tss. Kamba ya Mwalimu ilikuwa imeanza kuachia. Tairi la nyuma likalegea, likatanuka juu ya lami kama unyayo wa ngamia, na ghafla baiskeli ikatulia. Ikatulia kabisa! Nikawa kama nimesimama sakafuni. Matairi ya Mwalimu yalikuwa magumu kama mitihani yake, na yalikuwa yanamchezesha huku na huku kwenye kokoto chache zilizosambaa barabarani.

Alilitazama tairi langu, akaelewa, akauma meno. Lakini hakuanguka. Ndama zile! Honi ya Rufino ilikuwa mgongoni. Nikajua nina kauli moja tu ya kusema, na lazima iwe nzuri.

"Mwalimu," nikanong'ona, "babu anasema lile sanduku la barua ndilo lililomrukia."

"Usinichek—"

"Anasema alilipigia honi likakataa kupisha."

Kicheko kilimtoka puani kwanza. Akajaribu kukizuia, kikatokea mabegani. Baiskeli ikainama, na kwa kuwa Mwalimu Skaar hataki kugusa ardhi mbele za watu, alifanya alichoweza: akakanyaga pedali. Ikamrusha mbele moja kwa moja, akavuka unga akiwa anacheka na kunilaani kwa pamoja.

Nikasikia nyuzi za fagio zinanikuna shingo. Nikakanyaga. Tairi halikuwa na kitu tena. Rimu ilikwaruza lami, watu wakaziba masikio, na nikavuka mstari huku pikapu ikinipumulia.

"Mkia ni wa Tackett!" Rufino akapiga kelele kwenye kipaza sauti. Daktari wa meno akashusha pumzi, akaenda kujifariji kwa pai.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ngazi, anajifuta macho. "Rufino! Kumchekesha mwenzako si kosa?"

"Halimo kwenye kanuni."

"Mwakani litiwe." Kisha akanigeukia. "Nitapita kwa yule mzee kwa kasi ambayo hatapata muda wa kufungua mdomo. Mwambie hivyo."

Kesho yake nikaenda Barabara ya Birika na ramani mkononi. Babu alikuwa barazani.

"Nimeshinda, babu!"

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa mwisho."

Akanitazama. "Na yule mwalimu wa mahesabu?"

"Alinitangulia kidogo."

Alicheka mpaka akashika nyonga. Alipotulia akakumbuka, akaanza upya. Nilimwacha amalize, nikatandaza ramani juu ya mapaja yake. Nilikuwa nimeshaichora kwa penseli, njia ya kiungwana: inatoka mjini, inafuata kijito, inapanda taratibu, inapita mbele ya baraza, inaendelea zake.

Babu akaifuata kwa kidole. "Wakifika hapa watakuwa wamechoka?"

"Hapana, babu. Watakuwa wazima kabisa, ndiyo kwanza wameanza."

"Sasa nitacheka nini?"

Akachukua kalamu. Hakutaka penseli. Akafuta kijito chote, akawapeleka Birika kwa upande wa kaskazini, akawateremsha, akawapandisha tena kwa upande wa kusini. Akawazungusha kwenye pumisi. Akawatoa kwenye ile barabara iliyojikunja kama bati. Mwalimu Skaar angeinama kwa heshima.

"Babu, hiyo barabara itawang'oa meno."

"Si nasikia kuna daktari wa meno humo?" Akaendelea kuchora, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, mpaka kalamu ikafika kwenye mwinuko ulio chini ya nyumba yake, ule ulionyooka, ambao hata gari la posta linapanda likilalamika. Hapo akaweka duara. "Hapa ndipo watakapoanza kutembea kwa miguu, wanasukuma. Kutoka kwenye benchi tutawaona mmoja mmoja."

Nikautazama mwinuko. Ndipo jambo liliponiingia kichwani, taratibu, kama aljebra.

"Na mimi je, babu? Mimi nami nitapita hapo."

Babu akafunika kalamu, akaegemea kiti, akanitazama kwa mapenzi makubwa.

"Wewe ndiye tutakayeanza naye."